Mahindi ya Shule na Gunia la Krismasi

Wiki zile za Novemba nililala macho yakiwa wazi kwa sababu ya swali moja: mahindi ya shule yamekauka, au hayajakauka? Najua ni swali la ajabu kumnyima usingizi mtu mwenye digrii. Wenzangu tuliohitimu pamoja walikuwa wakiwaza harusi, wengine safari ya Ughaibuni. Mimi niliwaza punje. Nikijiambia yamekauka, nawaona wanafunzi mwezi wa Januari wakila ukungu. Nikijiambia hayajakauka, nawaona walimu wote wakinitazama kwa macho ya watu walionyimwa Krismasi. Na kwa desturi ya shule ile, jibu lilikuwa la mtu mmoja tu kulitoa, na mtu huyo ni mimi.

Nawaandikia ninyi mnaotoka chuo kikuu sasa, mtakaoajiriwa na bodi za shule, ili mjue mnakoingia. Kazi yenyewe hakuna anayewafundisha. Nilifanya mazoezi ya ualimu katika shule moja ya mjini Eldoret, ambako mkuu wa idara alikagua kila andalio langu la somo na kusahihisha hata pambizo. Baadaye nikafundisha masomo ya ziada katika mtaa wa Langas, kwenye chumba kilichopakana na kinyozi, na mwenye chumba alinilipa alipojisikia. Yote hayo hayakunitayarisha kwa shule ile iliyo mbele ya mji mdogo uitwao Ziwa, penye mahindi pande zote nne na ng'ombe wanaochungulia darasani.

Siku ya kwanza kazini, Mwalimu Mkuu alinipokea langoni akiwa amevaa tai na gambuti. Ni mtu wa huko huko, mrefu, mwenye shamba lake na ng'ombe wake wa maziwa, na sauti isiyohitaji kupazwa. Aliniuliza masomo yangu. Nikasema Kilimo na Biolojia.

"Kilimo ya kitabu ama ya shamba?"

Nikaanza kumweleza kwamba inategemea, kwa sababu mtaala una sehemu ya nadharia na sehemu ya vitendo, na kwamba sehemu ya vitendo yenyewe... Aliniacha nikiongea, akaanza kutembea kuelekea shambani. Nilimfuata na viatu vyangu vya usaili. Alinionyesha shamba la shule, stoo, ng'ombe wa maziwa ya chai, kisha akasema kuanzia siku hiyo hayo yote ni yangu. Nilikuwa mwalimu wa bodi, yaani mwalimu ambaye hakuajiriwa na serikali bali na bodi ya shule. Mkataba wa mwalimu wa bodi hufa Desemba na kufufuka Januari, Mwalimu Mkuu akipenda.

Sasa niwaeleze desturi iliyonitesa. Shule ile hulima mahindi yake yenyewe. Ndiyo ugali na ndiyo githeri, yaani mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, ya mwaka mzima. Mavuno yakishaingia, kila mfanyakazi, kuanzia Mwalimu Mkuu hadi bawabu, hupewa gunia moja apeleke nyumbani, na gunia hilo huitwa gunia la Krismasi. Lakini halitolewi ovyo. Siku ya kufunga mwaka, bodi na wafanyakazi hukusanyika kula nyama, mwalimu wa Kilimo husimama na kutamka mbele ya watu wote kwamba mahindi ya shule yamekauka. Akishatamka, mwenyekiti wa bodi hukabidhi gunia la kwanza, mengine hufuata, na yanayobaki huingia stoo na mlango kufungwa mpaka shule zifunguliwe. Bila tamko hilo hakuna gunia linalosogea. Nilipoambiwa mara ya kwanza niliona ni desturi nzuri inayoheshimu taaluma yangu. Sikujua kwamba maana yake ni shule nzima kuniuliza swali hilo hilo kila nikipita.

Mwaka ule mvua haikujua kwamba imekuwa Novemba. Mahindi yalikatwa, mabua yakasimamishwa mafungu mafungu shambani yakauke, na mvua ikayanyeshea yakiwa yamesimama. Mwenye mashine ya kupukuchua, ile inayofungwa nyuma ya trekta, alikuja siku aliyotaka yeye na si siku tuliyokubaliana. Nilimwambia magunzi bado yana unyevu. Akaniambia yeye ana foleni ya wakulima mpaka Moi's Bridge, na kama sipukuchui leo nitamuona mwakani. Tukapukuchua. Kuanzia hapo kazi yangu ikawa kutandaza mahindi kwenye maturubai asubuhi, kuyageuza kwa reki mchana, na kukimbia kuyafunika kila wingu lilipopita. Na mahindi yaliyofunikwa yakiwa na joto la jua hutoa jasho, kwa hiyo jua likirudi unayafunua na kukuta yamelowa kwa maji yake yenyewe.

Wanafunzi wengine wote walikuwa wameshafunga. Waliobaki ni kidato cha nne wakifanya mtihani wa kitaifa. Ukumbi wa chakula, paa kubwa kuliko yote shuleni na sakafu pekee ya saruji nzuri, uligeuzwa chumba cha mtihani. Madawati yalipangwa kwa umbali unaotakiwa, na msimamizi aliyeletwa kutoka nje hakutaka hata kuku apite mlangoni. Niliomba nitandaze mahindi pembeni kabisa, jioni, mitihani ikiisha. Alinitazama kana kwamba nimeomba karatasi ya maswali.

Kujua kama mahindi yamekauka kuna njia nyingi, na hilo ndilo tatizo. Wenyeji huuma. Punje ikilia kati ya meno, imekauka. Naibu wa Mwalimu Mkuu, ambaye sote tulimwita Depute, alikuwa bingwa wa kuuma. Alipita kwenye turubai akienda chooni, akaokota punje moja ya juu kabisa, iliyopigwa jua siku nzima, akaiuma na kutangaza matokeo. Mimi nilitumia chumvi. Unachukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, unatia mahindi, unatia chumvi kavu, unatikisa, kisha unaiacha itulie. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Ikianguka yote chini, yamekauka.

Chumvi yangu ilishika. Lakini mimi ni mtu wa kujiuliza. Labda chumvi yenyewe ilikuwa na unyevu, maana iliuzwa ikiwa wazi. Nikaenda jikoni kuikaanga kwenye sufuria, na mpishi akalalamika kwamba ninamchezea gesi. Nikapima tena, ikashika. Labda chupa haikuwa kavu. Nikaianika. Ikashika kidogo. Kidogo ni kushika au si kushika? Nilipiga picha nikamtumia mhadhiri wangu wa zamani kwenye simu. Alinijibu kwa kidole gumba kilichoinuliwa. Nilikaa na kidole kile jioni nzima. Kilimaanisha hongera kwa kupima, au yamekauka, au ameiona tu picha?

Chumba cha walimu hakikunihurumia. Walianza kuniita Mwalimu wa Chumvi. Nikiingia, mmoja ananiuliza kama leo nimeonja, mwingine ananiomba nimpimie chai yake. Madam wa Hisabati alisema mama mkwe wake ameshaambiwa kuhusu gunia, na kama halitafika yeye atanipeleka mimi badala yake, nikae huko nipukuchue. Walicheka, nami nikacheka nao. Lakini niliona pia kwamba hawakuwa wakitania kabisa. Gunia lile kwao lilikuwa namna ya kurudi nyumbani na heshima.

Nikapanda boda boda na mfuko wa mahindi kwenda mjini Eldoret, kwa mfanyabiashara wa nafaka mwenye mashine ya kupimia unyevu. Niliona aibu kwamba sikulifikiria hilo mapema. Mashine haina mama mkwe. Mfanyabiashara alichota mahindi yangu, akayatia kwenye kikombe cha mashine, kisha akaweka kiganja chake juu ya kioo cha namba.

"Unauza ama unanunua?"

Nikamwambia siuzi wala sinunui, nataka kujua tu. Akasema hakuna mtu anayetaka kujua tu. Akaniambia kama nauza, yako na maji, atanipunguzia bei. Kama nanunua, haya ni makavu kabisa, kama yake yale kule nyuma. Nilimsihi anionyeshe namba. Alipoinua kiganja mashine ilikuwa imejizima. Nikauliza kuhusu kukausha kwa mashine, wale wanaokausha kwa kulipisha. Foleni ya matrekta ilikuwa imezunguka jengo lao. Niliporudi na habari hiyo, Depute alisema mahindi ya shule hayaendi mjini kupanga foleni kama wagonjwa.

Aliyenisemesha bila mzaha alikuwa Chebet, msichana wa kidato cha nne aliyekuwa kapteni wa chakula, yaani kiongozi wa wanafunzi anayesimamia ugawaji wa chakula. Nilimkuta amechuchumaa kando ya turubai baada ya karatasi yake ya Kemia, akichambua punje kwa vidole. Alikuwa akitenga zenye madoa. Nikamwambia aende akasome, ana mtihani kesho.

"Nimezoea, mwalimu. Mwaka jana tulikuwa tunachagua hivi kwa sahani kabla ya kula."

Nikamuuliza alimaanisha nini. Akanieleza polepole, kama mtu anayeogopa kuchongea wakubwa. Mwaka juzi, kabla sijaajiriwa, mahindi yaliingia stoo siku ya kufunga mwaka kama kawaida. Januari iliyofuata githeri ilikuwa chungu. Walioila walitapika, wawili wakapelekwa hospitali. Mwalimu wa Kilimo wa wakati huo alikuwa ametamka, kwa hiyo ikasemekana ni maji ya kisima. Kuanzia hapo wanafunzi walichagua punje nyeupe na kuacha zenye rangi. Waliokuwa na njaa sana hawakuchagua.

"Mdogo wangu anajiunga hapa Januari," Chebet akasema. "Yeye hana subira ya kuchagua."

Alisema hivyo bila kuniomba kitu, akaenda kusoma. Kuna kuvu inayoota kwenye mahindi yenye unyevu na kutoa sumu. Sumu hiyo haifi kwa kuchemshwa, na si lazima uione ndipo ikudhuru. Nilifanya mtihani wa somo hilo chuoni na kupata alama nzuri. Ningeweza kuwachorea mchoro wa kuvu yenyewe.

Nilimwendea Mwalimu Mkuu ofisini. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri: kwamba kwa kipimo cha chumvi kuna dalili, kwamba kipimo hicho si cha uhakika kabisa, kwamba kuuma nako kuna nafasi yake, kwamba kama jua likiwaka siku kadhaa mfululizo tunaweza kufikiria, ingawa mvua ikinyesha itabidi tufikirie upya. Alinisikiliza huku akitia sahihi vitu vingine.

"Mwalimu, mimi sikukuita hapa unipatie mashaka. Yangu yanatosha. Nataka jibu. Imekauka ama haijakauka?"

Nikasema ninakaribia kujua. Akaniambia nikikaribia zaidi nimwambie, na kwamba Ijumaa mwenyekiti anakuja.

Alhamisi nilipewa zamu ya kukaa langoni mpaka magari ya mtihani yaondoke, kuhakikisha hakuna mtu anayeingia. Nilipotoka langoni nikakuta turubai limekunjwa. Depute alikuwa amewaita vibarua, wameyatia mahindi yote kwenye magunia, wameyashona kwa kamba na kuyapanga kwenye veranda ya ukumbi. Palikuwa pazuri, kama duka. Nilimuuliza nani ameruhusu. Akasema mvua inakuja, ama nilitaka ayaache yaote. Kusema kweli mvua ilikuja. Huwezi kugombana na mtu aliyefanya kosa kwa wakati mwafaka.

Ijumaa karatasi ya mwisho iliisha kabla ya chakula cha mchana. Watahiniwa walitoka wakiandikiana majina kwenye mashati, bawabu akiwafuata kuhakikisha hawararui chochote cha shule. Chebet alinipungia mkono kutoka langoni, begi kichwani. Msimamizi wa mtihani akaondoka na gari lake, madawati yakahamishwa, na kabla vumbi halijatulia ukumbi ulikuwa umepangwa meza na vitambaa vyeupe, maua ya plastiki na baluni. Nje mvua ilinyesha ile ya kutulia, isiyo na haraka ya kwenda popote. Fahali alikuwa ameshachinjwa, na harufu ya nyama ilifika mpaka bwenini.

Nilisimama kwenye veranda peke yangu, nikafumua kamba ya gunia moja la katikati, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Ndani palikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, jua hatukuliona tangu Jumatano. Mahindi yenye maji hupumua, na yakifungwa pamoja huchemshana. Nikajaribu gunia jingine, na jingine. Yote yalikuwa hivyo, na la chini kabisa lilikuwa limeanza kunuka kama pombe ya busaa.

Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, sikuwa na upande wa pili wa kufikiria. Niliutafuta kwa mazoea, sikuuona. Hilo lilinitisha kuliko mashaka.

Depute alinikuta nikijipangusa mkono. Alijua nilichokuwa nikifanya.

"Mwalimu wa Chumvi, leo usituletee chuo kikuu. Ni neno moja tu. Sema, watu wakule, waende kwao."

"Na kama si kweli?"

"Wewe ni bodi, kijana. Leo ni Desemba."

Hakusema kwa ubaya. Alinigusa bega, kama kaka anayemwonyesha mdogo wake shimo la barabarani.

Mwenyekiti wa bodi alifika na mwavuli na wageni wawili. Tuliomba, tukaketi, Mwalimu Mkuu akashukuru wote, kisha akanitaja. Nikasimama. Madam wa Hisabati alinitolea ishara niharakishe, nyama inapoa. Nilikuwa nimezoea kuanza sentensi zangu kwa "kwa upande mmoja", na mdomo wangu ulitaka kuanza hivyo.

"Mahindi ya shule hayajakauka," nikasema. "Yameanza kuchemka ndani ya magunia. Atakayepeleka nyumbani atawapelekea watoto wake sumu, na tukiyaweka stoo wanafunzi watayala Januari kama walivyokula mwaka jana."

Kiti kimoja kililia kwenye sakafu. Mwenyekiti alimtazama Mwalimu Mkuu, na Mwalimu Mkuu akanitazama mimi, kisha akainuka akaenda kwenye veranda. Tulimwona kupitia mlangoni akiingiza mkono kwenye gunia nililolifumua. Aliuacha humo kwa muda. Yeye ni mkulima, alijua. Alipoutoa alijipangusa kwa leso, akarudi na kuketi mahali pake.

"Mwenyekiti ana safari," akasema. "Tukule kwanza. Mambo ya mahindi tutaangalia Jumatatu."

Watu wakashusha pumzi, vifuniko vya sufuria vikafunguliwa. Nilibaki nimesimama. Jumatatu hapangekuwa na mtu shuleni isipokuwa bawabu na ng'ombe. Mwalimu Mkuu alijua hilo, nami nilijua kwamba anajua, na kwamba amenipa njia ya kuketi bila mtu yeyote kuaibika. Ningeweza kula. Ningeweza kujiambia kwamba nimesema, na kusema ndiyo kazi yangu. Hoja hiyo ilikuwa nzuri, ingenichukua mpaka Krismasi kuimaliza.

Nikamwambia Mwalimu Mkuu kwamba mahindi hayatafika Jumatatu bila kuoza, na kwamba sakafu pekee kavu shuleni ndiyo hii tunayokanyaga. Nikaomba radhi kwa wazee. Kisha nikaondoa maua ya plastiki kwenye meza iliyokuwa mbele yangu, nikakunja kitambaa, nikaishika meza na kuivuta kuelekea mlangoni.

"Mwalimu," Mwalimu Mkuu akasema.

Nikamjibu ndiyo, na nikaendelea kuvuta. Nilirudi kwa meza ya pili. Depute alisema kwa sauti ya chini kwamba huyu amerukwa na akili, na mgeni mmoja wa mwenyekiti akainua sahani yake kwanza kabla sijaifikia meza yake. Mpishi ndiye aliyeshika upande wa pili wa ile ya tatu, akinung'unika kwamba nimemharibia gesi na sasa nimemharibia karamu. Madam wa Hisabati alibeba sufuria ya nyama akaiweka veranda, na watu wakaanza kuifuata mmoja mmoja, kila mtu na sahani yake, mpaka ndani tukabaki mimi na baluni.

Nikaburuta gunia la kwanza mpaka katikati ya ukumbi, nikalimwaga. Mvuke ulipanda. Nikaleta la pili. Reki ilikuwa stoo, na ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwa Depute, ambaye hakuwa na hali ya kuombwa kitu. Nikavua viatu na soksi, nikaingia katikati ya mahindi na kuanza kuyatandaza kwa miguu.